Spika ya Saidi na Masikio Yetu

Nakumbuka siku niliyopiga ukelele nisisikie sauti yangu mwenyewe. Mpaka leo sijaisahau, na wewe mwanangu umeniletea habari, tena unacheka, kwamba umenunua spika mbili kubwa na taa kali za kuweka mlangoni dukani kwako. Haya, kaa hapo. Chai itapoa, iache ipoe.

Nilikuwa msichana, nauza vitambaa na mama yangu hapohapo Kariakoo lilipo duka lako. Jirani yetu, kijana mmoja akiitwa Saidi, aliuza kanda za muziki, na spika yake kaigeuzia barabarani, inanguruma kutwa. Tulizoea. Bei tulionyeshana na wateja kwa vidole. Binadamu anazoea kila kitu, na hilo ndilo linalonitisha.

Sasa mkokoteni unaujua, hauna breki wala honi. Honi yake ni mdomo wa msukumaji. Siku hiyo mama kasimama nje, kaipa barabara mgongo, anamkunjulia mteja kitenge. Nikainua macho nikamwona Chande, msukumaji aliyetubebea mizigo siku zote, anakuja na marobota ya mitumba yaliyomzidi nguvu. Kinywa kakifungua chote, mishipa ya shingo imemtoka, na sauti hakuna. Hakuna kabisa! Watu wanapita tu. Nikaita, "Mama!" Nikaita tena. Wallahi hata mimi sikujisikia. Nikashika kilichokuwa karibu, rula ya mbao ya kupimia vitambaa, nikamtupia. Ikampata begani. Akageuka kwa hasira, akanijia mbio anitandike, na nyuma yake mkokoteni ukapita juu ya kigoda chake ukakisaga.

Tulikwenda kwa mjumbe wa mtaa, na Saidi akaitwa. Mjumbe akauliza, "Kosa lake nini hasa? Kakutukana? Kamwaga taka mlangoni kwako?" Mama akasema ni kelele. Wakacheka wote wawili.

"Mama, kelele ndiyo Kariakoo yenyewe," Saidi akasema, kwa adabu, maana hakuwa mtu mbaya.

Mama akatafuta neno lingine, akalikosa. Mara akanyanyuka, akamshika Saidi kichwa, akamziba masikio kwa viganja, akambana hasa.

"Mama, unanifanya nini?"

"Nakuziba masikio," mama akamjibu alipomwachia. "Ndivyo unavyotufanya sisi. Mwanangu kaniita nisife, nami sikumsikia."

Saidi akaigeuzia spika ndani siku ileile.

Kwa hiyo mwanangu, usiniambie ni muziki, sijui ni matangazo. Na hizo taa kali unazotaka kuzielekeza barabarani, usiziite urembo. Zinamfumba macho mtu anayevuka. Ukitaka kujua jina la unachowafanyia watu, jiulize unawanyima nini. Mimi naogopa, nakwambia kweli, kwa sababu barabara ni ileile na mikokoteni bado inapita. Geuzia spika zako ndani, punguza sauti, na mara mojamoja simama mlangoni usikilize kama kuna anayekuita.

Mungu akujaze wateja, akulinde wewe na wapitao mbele yako. Na siku ya hatari yako akupe mtu wa kukuita, nawe umsikie.