Chupa ya Harusi ya Élise

Séraphin Tshiamala alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha shaba cha Shituru, pale Likasi. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, lakini yeye alizaliwa hapohapo, akabatizwa hapohapo, akamwoa Colette, msichana wa mtaa wa jirani. Kazini waliitwa kwa majina ya ukoo tu, maana serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kikristo. Nyumbani kila mtu alibaki na jina alilobatizwa nalo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Urbain Mumba, Mkatanga wa upande wa Kambove, fundi wa karakana ileile. Élise, binti wa kwanza wa Séraphin, alipobatizwa, Urbain ndiye aliyemshika mbele ya padri, na tangu siku hiyo nyumba nzima ilimwita parrain, baba wa ubatizo.

Wawili hao walipenda kitu ambacho wenzao waliona ni majivuno: wiski ya Uskoti. Wengine walikunywa bia, na mwezi ukiwa mgumu walikunywa lutuku, ile pombe kali inayopikwa nyumbani. Séraphin na Urbain walisubiri Jumapili ya mshahara, wakaenda kwenye duka la Mgiriki karibu na stesheni, wakasimama mbele ya rafu wakibishana kama wazazi wanaomchagulia kijana mchumba.

Mwanzoni walichukua ya rafu ya chini, ya bei ndogo. Ilinuka spiriti na ilichoma koo mpaka machozi yakatoka. "Hii ni lutuku iliyovaa suti," alisema Séraphin. Hata hivyo waligundua kwamba ukiitia barafu na soda nyingi, ukala karanga za kukaanga, inanyweka vizuri kwenye jua la mchana. Walipopandishwa daraja kazini, walipanda na rafu. Ile ya katikati ilikuwa na harufu ya asali ya msituni na sukari iliyoungua kidogo, na ilitaka matone machache ya maji tu, basi. Mara nyingi waliishia hapo. Urbain alisema hiyo ndiyo wiski ya mtu mwenye akili: haikuaibishi mbele ya mgeni, wala haiwalazi watoto njaa.

Colette alionja mara moja, akarudisha glasi. "Baba Élise, minye naona munalipa moshi tu."

Kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na chupa iliyokaa ndani ya boksi lake, wiski iliyolala kwenye pipa miaka mingi kuliko umri wa Élise wakati huo. Mgiriki aliwahi kuwaonjesha tone, siku ya sikukuu yake. Séraphin hakulisahau tone lile. Lilikuwa na moshi wa samaki wa mto Lufira, zabibu kavu, mbao za kabati la zamani. Na baada ya kumeza, ladha ilikaa mdomoni njia nzima mpaka nyumbani. Wakachanga pesa mwaka mzima, wakainunua.

"Tutaifungua siku Élise ataolewa," alisema Séraphin. "Na weye njo utaitunza, parrain. Kwangu ndugu zangu hawataiacha."

Urbain akaipeleka kwake, akaifungia kabatini.

Miaka ikapita hivyo. Jumapili zao zilikuwa na glasi mbili, meza moja nyuma ya nyumba ya Urbain, na maneno ambayo mtu hasemi mbele ya watu. Siku moja redio ilikuwa ikisifu uongozi wa nchi, Séraphin akacheka, akasema, "Bakubwa banakunywa chupa, siye tunalamba kizibo." Urbain alicheka mpaka akakohoa.

Mwaka 1983 mkuu wa karakana alistaafu, na kila mtu alijua nafasi ni ya Séraphin. Badala yake aliitwa ofisini na watu wawili wa usalama, wamevaa abakosi, zile suti za serikali zisizo na tai, zilizopigwa pasi vizuri. Walimuuliza kuhusu wapinzani wa Kasai, kuhusu karatasi ambazo hakuwahi kuziona. Kisha mmoja akasema taratibu, "Kwa hiyo weye unalamba kizibo?"

Walimwachia jioni ile, lakini baada ya wiki chache akahamishiwa Kambove, fundi wa kawaida tena. Ukuu wa karakana akapewa Urbain.

"Lazima ni majirani," Séraphin alimwambia Colette. "Ule ukuta wa nyuma kwa parrain ni mufupi. Muntu alisikia."

Colette alitazama upande wa nyumba ya Urbain, akaendelea kuchambua mchele.

Harusi ya Élise ilifanyika baada ya kiangazi. Urbain alikuja na suti mpya na lile boksi mkononi, watu wakapiga vigelegele, kwa sababu habari ya chupa ile ilikuwa inajulikana. Aliiweka mezani. Kizibo kilikuwa kimekwisha kutolewa.

"Niliifungua kwangu, ipate hewa," alisema Urbain, na akawamiminia bwana harusi, wakwe, na mwisho Séraphin.

Séraphin aliinua glasi puani. Hakukuwa na moshi wala zabibu. Akanywa kidogo. Koo likamchoma, na ile harufu ya spiriti ikapanda puani. Aliijua. Ilikuwa ile ya rafu ya chini, waliyoanza nayo wakiwa vijana. Wakwe walikuwa wakitikisa vichwa kwa heshima, wakisema kweli kitu cha bei hujulikana. Élise alikuwa akimtazama baba yake, anatabasamu, anangoja neno lake.

"Ni nzuri sana," alisema Séraphin. Akaimaliza yote.

Ngoma zilipoanza alimshika Urbain mkono, akampeleka nyuma ya jiko.

"Nani alikunywa yetu?"

"Yetu gani? Si hii?"

"Parrain. Nani?"

Urbain alitazama chini, kwenye viatu vyake vipya. "Mukubwa mumoja alikuja kwangu. Sikukuwa na kitu kingine cha kumupa."

"Alikuja juu ya nini?"

"Juu ya ile nafasi."

"Na alipokunywa, mulisema nini?"

Urbain akageukia mlangoni. Ndani watu walikuwa wakiimba. "Aliuliza tu unasemaka nini," alisema. "Weye unajua vile iko. Niko na watoto."

"Na minye niko na nini?"

Séraphin alirudi ndani, akacheza na binti yake mpaka ngoma zikaisha. Alimweleza Colette usiku, wageni walipokwisha kuondoka. Élise hakuambiwa kamwe.

Séraphin alifanya kazi hukohuko Kambove mpaka alipostaafu. Aliendelea kununua chupa ya katikati, mara chache, akainywa peke yake barazani, matone machache ya maji. Alisema ladha ni ileile, ila inaisha upesi.

Mama yake Séraphin alipofariki, Urbain alikuja msibani. Yule mkubwa wake alikuwa amekwisha kuondolewa, na Urbain naye alikuwa ameshushwa. Suti ilimning'inia mabegani. Séraphin alimpa kiti na glasi ya maji, akamuuliza habari za watoto, akasikiliza mpaka mwisho. Urbain aliaga, akaenda kutafuta lori la kurudi Likasi.

"Umemusamehe?" aliuliza Colette.

"Hapana," alisema Séraphin. "Lakini mama alikuwa anamupenda."

Akaondoa glasi, akaisuuza, akarudi kukaa na wafiwa wenzake.