Chupa ya watoto kumi, mtoto mmoja

"Toka kwangu."

"Sijaingia, mama Irakoze. Nimesimama hapa nje."

"Hapo nje napo ni kwangu. Rudi Jumatano."

"Leo ndiyo Jumatano."

"Basi rudi Jumatano nyingine. Si ndivyo unavyowaambiaga watu?"

Jirani anayeanika muhogo anacheka mpaka anaweka ungo chini. Anayefukuzwa hacheki. Anashusha boksi la baridi begani, analiweka kivulini, anasimama palepale.

Ni saa nne asubuhi katika vilima vya kati ya Makere na Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Anayefukuzwa ni Nasma Khatibu, muuguzi wa zahanati, miaka thelathini na moja. Anayefukuza ni Yusta, mkulima wa maharage. Mgongoni kwa Yusta amelala Nkunzimana, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, na huyo ndiye aliyefuatwa. Hajapata sindano ya pili ya surua.

Ya kwanza alipata akiwa na miezi tisa, kwa wachanjaji waliopita na kampeni. Ya pili hutolewa mwaka na nusu. Kwa Nasma, Yusta hajakanyaga.

Huku kijijini Nasma anaitwa Nesi Jumatano. Wanaolitumia jina hilo hawamtanii. Wamemkasirikia.

Chanjo ya surua huja ikiwa unga ndani ya kichupa. Kichupa kimoja ni watoto kumi. Ukishauchanganya na maji yake una muda wa saa sita tu, kisha kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo Nasma alipofika hapa akitokea Pangani, miaka mitano iliyopita, alikuta utaratibu: surua ni Jumatano, na chupa haifunguliwi mpaka watoto wafike watano.

"Hakuna aliyeniandikia karatasi," anasema. "Niliambiwa kwa mdomo, nikashika. Ripoti ikionyesha umemwaga chanjo nyingi, unaulizwa. Mie nilikuwa mgeni, niliogopa kuulizwa."

Miaka mitatu iliyopita Yusta alimpeleka mtoto wake mkubwa, Irakoze, kwa sindano ya pili. Kilomita tisa kwa miguu. Ilikuwa Alhamisi, yuko peke yake. Akaambiwa arudi Jumatano. Akarudi. Siku hiyo walikuwa watoto watatu. Akaambiwa arudi tena.

Mara ya tatu hakwenda. Maharage yalikuwa yanaoza shambani kwa mvua.

Miezi miwili baadaye surua ikapita vilima hivi. Irakoze alipona, ila jicho la kushoto likafa.

Sasa anakaribia miaka mitano. Yuko pembeni ya nyumba, anapepeta mchanga ndani ya kifuniko cha ndoo. Ukimwita kutoka kushoto, anageuza kichwa chote.

Wengi hawaelewi sindano ya pili ni ya nini, na Nasma hawalaumu. Vijana waliosikia redioni wanaiita busta. Akina mama wanaiita ya kumalizia. Wengine wanadhani ni ileile imerudiwa kwa sababu ya kwanza iliharibika.

"Nawaambiaga hivi. Busta ni neno la kizungu, maana yake kuongezea nguvu kitu ambacho tayari kipo. Kwa surua kuna na jingine. Chukua watoto kumi, wachome wakiwa na miezi tisa. Mmoja au wawili haiwashiki. Ukiwatazama huwajui, wote wanacheza. Ya pili ni kwa ajili ya hao. Irakoze alikuwa mmoja wao."

Anafuta miwani kwa khanga.

Zahanati ilikuwa na wauguzi wawili. Mwenzake, Veronica, alihamishiwa Kibondo mwaka jana, na nafasi yake iko wazi mpaka leo. Nasma anakaa chumba cha nyuma ya zahanati. Kiha anachojua ni salamu. Akipita kisimani, maongezi yanakatika. Mwezi wa Ramadhani alifuturu peke yake siku zote isipokuwa mbili, aliposhuka Kasulu mjini kwa Adija, muuza vitenge, ambaye asili yake ni Tanga.

"Kuna siku naongea na friji la chanjo," anasema. "Nalisomea nyuzi joto, nalisalimia. Likinguruma naona limeitikia."

Tangu ile surua, kila mtoto anayeletwa anachomwa siku hiyohiyo, hata akiwa mmoja. Tatizo hawaletwi. Daftari lake lina watoto arobaini na mmoja wasio na sindano ya pili. Ndiyo maana siku hizi anabeba boksi na kuwafuata. Kwa Yusta leo ni mara ya nne.

Yusta ameshika jembe, anataka kwenda shambani. Nasma anachuchumaa. Anafungua boksi, anatoa kichupa na maji yake.

"Unafanya nini?" Yusta anauliza.

"Nachanganya."

"Mimi sijakubali."

"Najua. Ukikataa nitaimwaga."

Jirani ameacha muhogo, amesogea. Nasma anavuta maji kwa sindano, anayaingiza kwenye unga, anakizungusha kichupa taratibu mpaka unga wote uyeyuke. Anaangalia saa, anaandika muda kwenye kibandiko.

"Wengine wako wapi?" Yusta anauliza. "Hao kumi?"

"Hawapo. Yupo huyu."

"Kwa hiyo inawezekana."

"Inawezekana."

"Mwaka ule ungefanya hivi, ungekufa?"

"Nisingekufa."

"Ungefukuzwa kazi?"

"Hata kufukuzwa nisingefukuzwa. Ningeulizwa, ningejibu."

Jirani anafungua mdomo aseme neno, Yusta anamkata kwa Kiha, naye anaufunga. Kisha Yusta anaegemeza jembe ukutani, anamfungua mtoto mgongoni, anakaa kwenye kizingiti, anaukunja mkono wa gauni la Nkunzimana hadi begani.

"Fanya haraka. Akiamka mwenyewe ni kelele."

Anaamka. Ni kelele kweli. Irakoze anakuja mbio, anampulizia mdogo wake pale palipochomwa.

Nasma anaandika kwenye kadi ya kliniki, anairudisha kwa mikono miwili. "Usiku anaweza kuchemka kidogo. Mpe maji, mnyonyeshe. Ikizidi mlete, siku yoyote."

"Usidhani tumepatana."

"Sijadhani."

"Mimi nimemchanjisha mtoto. Wewe sijakupa kitu."

"Sawa, mama Irakoze."

Nasma alikwishaandika barua ya kuomba kuhama arudi Pangani, mama yake anazeeka. Iko mezani, haijatumwa. Anasema haitatoka mpaka daftari liishe.

"Sasa wamebaki arobaini," anasema akilifunga boksi. "Nikiondoka kabla, atakayekuja ataanza upya, na ataambiwa mambo ya Jumatano. Nataka anikute hapa, nimwambie mwenyewe asisikilize."

Ndani ya kichupa mna watoto tisa na saa tano na dakika arobaini. Nasma anatazama njia mbili, ya juu na ya bondeni. Hajui ipi ina watu wasiomfungia milango.

Yusta amemrudisha mtoto mgongoni, ameshika jembe.

"Kwa Nduwayezu wako wawili," anasema bila kumwangalia. "Njia ya bondeni. Usiwaambie nimekutuma."

Nasma anasimama kushukuru. Yusta amekwishageuka, anapanda kwenda shambani.