Bunduki Iliyokataa Kuchoka

Juzi mama alinituma Temeke kumpelekea shangazi mkeka, nikapita makusudi palipokuwa na shamba la bibi. Nyie, hakuna shamba! Pana nyumba mpya zimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, kila moja na namba yake mlangoni. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akaniuliza natafuta nini. Ningemwambia natafuta kwale angeita askari. Nikamwambia nimepotea, nikaenda zangu.

Najua utanicheka. Nina miaka kumi na sita, mwalimu bado ananichapa kwa kuchelewa, nami nimekaa hapa nakumbuka zamani kama mzee mwenye mkongojo. Lakini miaka mitano kwangu ni karibu thuluthi ya maisha, kwa hiyo haki ninayo.

Enzi hizo niliishi na bibi, mama yake mama. Aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu, ila huyu alinidai nyama kwelikweli. "Mume gani wewe, mkeo anakula mchicha wiki nzima?" Alipenda kwale wa nazi aliyekamuliwa ndimu, nyama inachambuka yenyewe. Akishamla anajifuta midomo kwa pindo la kanga na kutangaza kwamba sasa usingizi utakuja.

Mjomba, karani wa bandarini, alipohamishiwa Tanga kwa mwaka mmoja aliniachia bunduki yake ya upepo. Haina baruti ile. Unakunja mtutu kama unavunja muwa, springi inajikaza ndani, ukifyatua upepo unasukuma kijirisasi kidogo kama punje ya choroko. "Nikirudi nikiikuta nzima ni yako," alisema. "Nikiikuta mbovu, hata kuigusa usiiguse tena." Nikaapa. Kuapa nilikuwa hodari.

Ubaya wake ilikuwa na nguvu mno. Sie Waislamu, na bibi hali ndege asiyechinjwa angali hai. Nampiga kwale, nakimbia na kisu, namkuta ameshakata roho. Bibi anauliza jambo moja tu: "Ulimkuta na uhai?" Basi, kibudu kinakwenda kwa jirani, Mkristo wa kutoka bara, ambaye hana masharti hayo. Watoto wake walinenepa mashavu. Mkewe akiniona tu, "Karibu, mwindaji wetu!" Bibi akisikia anasonya. Utasema ningepiga kwa mbali. Nilipiga kwa mbali. Nilipata mgomba.

Halafu bunduki ikaanza kuonja mkono wangu. Iliniponyoka juu ya mkorosho nikimvizia tetere, ikasalimiana na kila tawi mpaka chini. Nilivukia nayo mto Kizinga nikipima kina kwa mtutu, ukajaa matope, nikauzibua kwa ubua wa mtama. Niliibebea ndoo ya maji. Kitako kikapasuka, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli. Kutu ilipoingia bibi akaleta tiba: mafuta ya nazi, yale yale ya nywele zake. Tuliimiminia bila huruma. Kila nikifyatua inatoa moshi wenye harufu ya wali wa nazi, na asubuhi za kipupwe mafuta yanaganda ndani, inakohoa tu mpaka niianike juani kama samaki.

Lakini haikufa! Ilichoka tu. Na kuchoka kwake ndiyo ikawa neema. Siku moja nilimpiga kwale akaanguka, akainuka, akawa anazunguka kama mlevi wa tembo. Nikamfikia, bismillahi, kisu.

"Ulimkuta na uhai?"

"Bibi, amenipiga mateke!"

Tulikula kwale msimu mzima. Mke wa jirani akaniuliza siku hizi shabaha imenipotea wapi.

Mjomba akarudi. Nikamwamkia shikamoo, macho yake yote yako kwenye ule mpira wa baiskeli. Akaweka kopo hatua kumi, akafyatua. Kijirisasi kikagonga kopo, ngi, kikarudi miguuni kwake. "Umeiua bunduki yangu."

Mie nikawa natazama vidole vyangu. Ndipo bibi akatoka jikoni na mwiko. "Ilipokuwa nzima ililisha jirani. Sasa inanilisha mie mama yako. Hebu niambie, mbovu ni ipi?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, ni yako," akaniambia, "lakini siwezi kukupa kitu kibovu." Akaipeleka kwa fundi mjini. Ilirudi na springi mpya, washa mpya ya ngozi ya kubana upepo, kitako kimepakwa vanishi kinang'aa. Alitukabidhi kwa furaha ambayo huwezi kuiharibu. Tukashukuru, mie na bibi, tukatazamana.

Kwale wa kwanza alikufa kabla ya kugusa ardhi. Mie nimedanganya walimu watatu, na wa nne namwandalia. Na siku ile kisu kilikuwa na damu, ningesema lolote. Bibi akauliza. Nikamjibu, "Hapana, bibi."

"Haya, mume wangu," akasema, akaenda kuchuma mchicha.

Tangu hapo nikaitesa kwa makusudi. Niliiachia toka juu ya mkorosho mara tatu. Niliilaza mtoni. Niliinywesha kibaba kizima cha mafuta ya nazi. Thubutu! Iliyochoka bila kuombwa, sasa nimeiomba nayo ikawa inazidi kupiga kama imelipwa mshahara. Yule fundi, Mungu amsamehe, kazi aliijua.

Ilichukua miaka miwili kulegea. Mwaka jana, kabla wapimaji viwanja hawajaja na kamba zao, kwale alidondoka kwenye mihogo akiwa anapiga mabawa. Nikamkimbilia, nikamchinja, nikatimka naye kuelekea nyumbani, nimeshafika nusu ya njia ndipo nikakumbuka. Bibi tulikuwa tumemzika mfungo uliotangulia.

Nilimpika mwenyewe. Tui lilikatika, chumvi ikazidi, nikammaliza nimechuchumaa jikoni peke yangu. Watu wanalalamika kwamba Temeke ndege wamekwisha. Hawajaisha, wamehamia Mbagala, nimewasikia kwa masikio yangu. Nasi bunduki tunayo, nzima kabisa kwa hesabu ya bibi, ipo uvunguni mwa kitanda. Niliyemkosa ni mtu wa kunifanya nikimbie vile.