Kulala Chali Baraka

Pikipiki iliteleza kwenye tope tukitoka Misisi, nikaangukia jiwe kwa ubavu wa kushoto. Dereva alipasuka kichwa, damu ikamfikia kifuani. Mimi nilisimama, nikajipangusa, nikamsaidia kuinua pikipiki yake.

Hospitalini, mjini Baraka, walimshona, akaondoka siku ileile. Mimi niliyekuwa sina hata mchubuko waliniambia nikojoe kwenye chupa. Ukatoka mkojo mwekundu kama maji ya lengalenga, ule mchicha mwekundu. Sikuelewa: damu ilikuwa ya mwenzangu, kitanda kikawa changu.

Daktari alinipitisha kwenye mashine ya kutazama tumbo.

"Figo ya kushoto imepasuka kidogo."

"Mutanipasua?"

"Hapana. Utalala."

"Nikiisha kulala?"

"Utalala tena. Damu ikikataa kukauka, tutakutuma Uvira, pengine kule wataitoa figo yenyewe."

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alicheka mpaka akajishika kiuno. "Huyu, dokta? Hata mama alishindwa kumulaza! Kigoma amefika, Kalemie amefika, leo unasema alale?"

Kesho yake alileta mawese ya moto anikande. Daktari akamzuia mkono. "Mama, usimuguse. Utafungua kile kimeanza kufunga."

Basi nikalala chali. Hakuna kisu, hakuna kukandwa, maji ya dripu tu. Nilidhani wamenikatia tamaa na wanaona haya kusema. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi ili nione ufuko tulioanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, utotoni. Sasa harufu ya ndagala iliingia dirishani na mimi nikatazama mabati. Wakati mwingine sikujua kinachouma ni figo au ni mgongo uliochoka na godoro.

Kila asubuhi muuguzi aliweka mkojo wangu dirishani, pembeni ya ule wa jana, alinganishe rangi. Wanawake waliouguza watu wao wakaja kuamua kesi.

"Leo iko kama chai."

"Chai gani? Iko mawese kabisa."

"Ninyi bamama," yaya akafoka, "muache kutukana mukojo ya ndugu yangu!"

Asubuhi moja yaya aliinua chupa mpya, akanyamaza. Yaya hanyamazi hovyo. Nikaiona Uvira, nikaona kisu.

"Yaya, unaona nini?"

"Dirisha," akasema polepole. "Ninaona dirisha ndani ya chupa."

Daktari alikuja, akaitazama chupa, akaniminya tumbo taratibu. Figo itabaki, akasema. Ila nisipande pikipiki wala kubeba mzigo mpaka aniruhusu.

"Kwa hiyo imepona?"

"Inapona."

"Nami nitajuaje?"

"Utakojoa."

Wale wanawake wakapiga vigelegele, chumba kizima. Sijawahi kupigiwa vigelegele, hata siku niliyomaliza shule ya sekondari. Nilibaki nimelala chali, sijui nishukuru au nijifunike uso.