Kijiji Alichokichora Bibi Kwenye Unga

Kama ningerudishiwa siku moja tu ya maisha yangu, ningechagua ile Jumanne niliyotia saini. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Anderlecht, mjini Brussels, chai imepoa, karatasi zimetandazwa mezani, nikaandika jina langu pale walipochora msalaba mdogo. Kwa saini ile nilikubali nyumba ya bibi yangu mzaa mama ibomolewe na bonde lake lijazwe maji, ili miji ya chini isipate mafuriko. Ningeweza kukataa. Haki hiyo nilikuwa nayo. Sikukataa.

Nimeyakumbuka hayo wiki hii kwa sababu ya maua. Mwishoni mwa Oktoba wenye maduka wa barabara ya Chaussée de Wavre hutoa nje vyungu vya krisantemi, na Wabelgiji huvibeba kwenda makaburini. Nilisimama mbele ya vyungu hivyo, kati ya duka la vitenge na duka la samaki wakavu, nikainama kunusa. Harufu ile chungu ya majani ikanipeleka moja kwa moja Ucheki, kwenye kijiji ambacho leo hukioni katika ramani yoyote.

Usishangae, rafiki yangu. Baba yangu alikuwa Mswahili wa Buyenzi, Bujumbura, aliyepelekwa Ulaya kusomea uhandisi. Huko akampata mama, wakanipata mimi. Mama alifariki kabla sijajua kutembea, baba akarudi kwenye vitabu vyake, nami nikapelekwa kijijini kwa bibi. Nilikaa naye mpaka nilipofika miaka kumi na mmoja, baba aliponichukua kwenda Bujumbura.

Kijiji chenyewe kilikuwa na umbo la bakora. Barabara ilinyooka kando ya kijito, kisha ikajikunja kulizunguka bwawa la samaki, na kanisa dogo lilikaa pale kwenye mpini. Nayajua haya kwa sababu bibi alinifundisha mezani. Siku za kupika maandazi ya kuchemsha, yale yenye tunda la plamu katikati, alinyunyiza unga juu ya meza na kuchora kwa kidole: hapa kijito, hapa bwawa, hapa sisi, na hapa juu jirani, ambaye hana njia ila kupita uani kwetu. Nikishataja vyote bila kukosea, aliurundika unga, akavunja yai, akaanza kukanda. Nami nilikula kijiji kizima kwa siagi na sukari.

Historia alinifundisha kwa vijiko. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili kijiji kilikuwa cha Wajerumani. Vita vilipokwisha walifukuzwa, kila mtu na kile alichoweza kubeba, na nyumba zao wakapewa watu kutoka mashariki, bibi akiwa mmoja wao. Alipofungua droo ya jikoni alikuta vijiko vya wenyewe vimepangwa. Hakuvitumia hata siku moja. Tulikuwa na vijiko vyetu vya bati, na vile vya fedha vililala ndani ya droo. "Wakirudi watavikuta," alisema. Na alikuwa na msemo: "Hapa aliyezaliwa hayupo, na aliyepo hakuzaliwa hapa."

Mimi mweusi nilikuwa peke yangu. Sitasema sikuchokozwa, lakini uchokozi wao ulikuwa na namna yake. Wacheki huamini kwamba msafisha dohani, yule fundi mwenye masizi usoni, huleta bahati, na ukimwona yakupasa ushike kifungo cha nguo yako. Basi mimi nikipita na kindoo changu cha maziwa, wanawake walishika vifungo. Jirani wa nyumba ya juu, wakati huo bado msichana, alipiga kelele toka dirishani: "Msafisha dohani wetu! Simama kidogo, leo nina mtihani!" Nilikuwa nikinuna. Bibi aliniambia, "Wape bahati yao, mjukuu wangu, wewe haikupungukii."

Majira ya baridi wanawake walijaa jikoni kwetu kuchambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito. Mlima mweupe mezani, vidole vinakwenda, domo nalo linakwenda. Sheria ilikuwa moja: hakuna kupiga chafya. Siku moja jirani alinifinya makusudi, nikacheka kwa nguvu, na kazi ya asubuhi nzima ikapaa hadi darini. "Shika kifungo chako sasa!" bibi alimwambia, huku akiokota manyoya kwenye nywele zangu.

Lakini ninachotaka kukusimulia ni makaburi. Mama alizikwa nyuma ya kanisa, na kando yake kulikuwa na safu za Wajerumani, herufi zao zimeliwa na kuvu. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wafu, bibi alifagia kaburi la mama, akaweka krisantemi, halafu akanikabidhi ufagio na mshumaa ndani ya gilasi. Kaburi nililopewa mimi lilikuwa la Mjerumani fulani, mwenye kinu cha kusaga nafaka. Niliuliza kwa nini nimfagilie mtu nisiyemjua. "Huyu naye ana watu," alisema, "ila watu wake wako mbali. Sisi tunawashikia." Baadaye, huko Buyenzi, nilifundishwa dini ya baba yangu, na mishumaa nikaiacha. Neno lile halikunitoka.

Bibi alifariki nikiwa Bujumbura. Akalazwa kaburi moja na binti yake, nyumba ikawa yangu. Vita vya kwetu viliponileta Brussels, nilikwenda huko mara mbili tu, kisha kazi, watoto, na uvivu wangu mwenyewe.

Barua za lile bwawa la kuzuia mafuriko zilipoanza, jirani alinipigia simu. Sauti ilikuwa ya kizee, uchokozi ule ule.

"Msafisha dohani, ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi."

"Walikuja na keki. Keki nimekula, saini sikuwapa. Tumebaki wawili, mimi na wewe."

"Shangazi, paa la bibi limeshaanguka."

"Nani kakuuliza paa? Njia yangu inapita kwako. Wewe ukikaa, na mimi nakaa. Ukitoka, watanibeba kama kabati. Sikuombi uje. Kaa kimya tu, kazi yako ni hiyo."

Nilimwambia nitafikiri. Binti yangu alikuwa akisikiliza. "Papa, bon, wewe utaenda kukaa kule? Donc weka saini, tupumue." Simlaumu. Hakupata kukiona kijiji kwenye unga. Mwenye kalamu nilikuwa mimi, nami nilichoka kuandikiwa barua.

Baada ya miezi ikaja barua nyingine. Makaburi yangehamishwa, na kila ukoo ulitakiwa kuleta mtu siku fulani asimame penye kaburi lake. Yasiyo na mtu yangekusanywa pamoja. Nilikata tiketi ya treni. Sikwenda. Wanangu niliwaambia ni magoti, lakini ukweli niliona haya kukutana na jirani. Nikajituliza kwamba jiwe lina majina, litatosha.

Halikutosha. Nilipopiga simu, karani alinijibu kwa upole kwamba sheria ilikuwa mtu, si jiwe. Bibi na mama walizikwa pamoja na wasio na watu kwenye shimo moja huko mjini, bila majina. Nikamuuliza habari za jirani. Akasema siku ile hakuwepo, alikwishapelekwa nyumba ya wazee, na huko hakumaliza majira ya baridi.

Nikiwa bado nimeinamia vyungu, mama mwenye duka alinigusa bega. "Papa, unachukua ya manjano ao nyeupe?" Nikamwambia naangalia tu.

Saini ile ilimtoa jirani nyumbani kwake akafie kwa watu. Bibi yangu, aliyewashikia wafu wa wengine maisha yake yote, amezikwa na wasio na watu, mama yangu pamoja naye, ilhali mtu walikuwa naye, na mtu huyo ni mimi. Ua sikununua. Sina kaburi la kulipeleka.