Pazia la Verna

Verna Louise Haskett, binti Orval Haskett aliyechimba kwa koleo mifereji ya mashamba ya pamba kule Casa Grande, mjukuu wa Effie aliyezalisha wanawake wa bonde zima asimpoteze hata mmoja. Mwenyewe aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja na hakuna mtoto aliyechubuka goti. Mwanamke wa namna hiyo alishindwa na mpira wa plastiki wenye matundu.

Uwanja wa pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira huo kwa vibao vigumu, ulijengwa katika mtaa wao wa wastaafu, hatua arobaini kutoka dirisha la Merle, mumewe, ambaye moyo mgonjwa ulimnyima usingizi hadi alfajiri. Akianza kusinzia, wastaafu wenzao wameshaingia na vibao vyao: ko! ko! ko! Merle anashtuka, anashika kifua.

Miaka miwili Verna alihudhuria kila kikao cha kamati ya mtaa, akikusanya saini za majirani na kudai vibao laini vya sifongo, visivyo na kelele.

"Bibi, ukitaka kimya, makaburini kuna nafasi," alimtania Gus Lindquist, bingwa wao.

"Tangulia ukanishikie ya kivulini, Gus."

Watu wakacheka. Vibao vikabaki vilevile. Mwishowe kamati ikasema itamtundikia pazia zito la mpira la kuzuia kelele kwenye uzio, upande wake. Verna alikuwa amechoka hadi mifupani. "Haya," akasema.

Asubuhi ya kwanza Merle alilala mpaka saa nne. Verna alikaa jikoni, kahawa ikipoa mkononi, akiogopa hata kuvuta kiti.

Wiki ya pili mlango ukagongwa. Nadine Oxley, mjane wa ng'ambo ya uwanja, amevaa gauni la kulalia, macho mekundu.

"Verna, kelele zako umenihamishia mimi! Zinagonga pazia lako, zinarudi kwangu. Sijalala tangu Jumatatu."

Verna alitaka kukana. Lakini macho yale aliyajua. Miaka miwili ameyaona kwenye kioo chake.

"Kaa, shoga. Kunywa kahawa."

"Sitaki kahawa, nataka usingizi!"

"Basi punguza sauti, Merle kalala."

Nadine akacheka, kisha akalia. Verna akamsogezea karatasi zake zote za saini, kingo zimechakaa.

"Nilichoka nikapokea pazia, nikadhani nimeshinda. Kikao ni Alhamisi. Keti mbele. Gus akikutania, mwache acheke, kisha rudia neno moja: vibao. Wakikupa pazia, kataa. Miguu yangu imekwisha, Nadine. Wewe una miaka sabini tu."