Ulafi wa Kigari cha Mama Keki

Mama Keki alijifunza udereva akiwa tayari ameitwa bibi. Siku ya kwanza mwalimu wake alimwona ameshika usukani kama anayeshika nyoka, akamtuliza: "Usiogope, mama. Gari halina meno."

"Meno sijali, mwanangu," alijibu. "Mimi naogopa matuta."

Mwalimu alicheka akidhani ni mzaha. Hakujua habari ya harusi ya mdogo wa mwisho wa Mama Keki. Siku ile Mama Keki alipakia kwenye teksi keki ya ghorofa tatu, yenye maua ya sukari aliyoyafinyanga petali kwa petali, na dereva akalirukia tuta kana kwamba amebeba viazi. Ghorofa ya juu ilimwangukia mapajani. Aliingia ukumbini krimu imemtapakaa mpaka kwenye nyusi. Bibi harusi alicheka hadi wanja ukamchuruzika, wageni wakala mabaki kwa vijiko, na hakuna aliyemlaumu. Lakini yeye aliapa palepale kwamba keki yake haitapanda tena gari la mtu.

Ndiyo maana alinunua kile kigari. Kilikuwa mtumba, kidogo, cha rangi ya limau bichi, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa kubembelezwa. Alikiegesha chini ya dirisha la jiko lake, chumba cha uani chenye oveni mbili, meza ndefu ya bati na rafu zilizojaa mikebe ya kila umbo. Kila akiinua macho kutoka kwenye kinyunya alikiona kimetulia pale nje, na moyo wake ukachanua. Asubuhi alikifuta vumbi kabla hajanywa chai.

Raha hiyo haikudumu. Kigari kilianza kula mafuta. Na si kula tu, kilikuwa kinafakamia. Mshale wa mafuta ulishuka mbele ya macho yake kama maji kwenye beseni lililotoboka. Kwenye kituo cha mafuta, dada wa pampu alishamzoea.

"Mama, jana si nilikujazia mimi mwenyewe?" alimuuliza siku moja. "Au unanyeshea bustani?"

Mama Keki alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Faida yote ya keki ilikuwa inaingia kwenye tangi na kutokea kwenye bomba la moshi.

Mumewe, karani mstaafu wa posta, alikuwa mtu mwenye jibu la kila swali, hata lile ambalo hajaulizwa. "Mama watoto, hapa hakuna ubovu," alisema. "Hapa kuna mtu ananyonya mafuta. Jirani ana jenereta. Jenereta linanguruma kila siku. Linanguruma kwa mafuta ya nani?"

"Baba watoto, jirani yule ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo. Na ana mpira wa kumwagilia maua."

Akaanza ulinzi. Alibandika karatasi ya gundi kwenye kifuniko cha tangi, akaweka alama ya kalamu pembeni, kisha akatoa kiti na kukaa kando ya gari na gazeti lake, akigeuza kurasa bila kusoma. Jirani alipopita na kumsalimu, aliitikia kwa pua. Ikapita wiki. Gundi haikuguswa, alama ilikuwa vilevile, na mshale ulikuwa umeshuka tena. Akatandika boksi chini ya gari aone kama linavuja, nalo likabaki kavu kabisa. Mzee wa posta akakunja kiti chake.

"Basi," alisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "kipeleke kwa fundi."

Fundi waliyemwendea aliitwa Kimya, na jina lilimkaa. Alikuwa pande la mtu, mwenye mikono kama mapauro, na aliongea kama anayelipia kila neno. Alizunguka gari, akainua boneti, akatoa chujio la hewa na kuliinua kwenye mwanga wa jua. Lilikuwa jeusi, limeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Gari linapumulia hapa," alisema. Akalitupa, akaweka jipya. Akabadilisha plagi zilizochakaa, kisha akajaza upepo kwenye matairi yaliyokuwa yamelegea mithili ya maandazi ya juzi. "Jaza tangi pomoni," alimwagiza. "Andika kilomita. Tembea kama unavyotembea siku zote. Ukirudi, jaza palepale, pampu ileile. Uniambie limekula ngapi."

Mama Keki alifanya hivyo. Kigari kilikuwa kimepata nguvu kweli, mlima wa sokoni kilikuwa hakiupandi tena kwa kukohoa. Ulafi ulipungua, lakini bado kilikula chakula cha magari mawili. Kimya akakuna kidevu. "Kuna kitu kingine," alisema, na maskini alikuwa hajui ni kipi.

Kitu hicho alikigundua Mama Keki mwenyewe, na wala hakuwa anakitafuta. Alikuwa amerudi kutoka kupeleka keki ya siku ya kuzaliwa kwenye ofisi fulani. Alipofungua buti, kile kisahani cha chuma anachozungushia keki wakati wa kupamba kilimponyoka, kikaviringika na kujificha nyuma ya gurudumu. Akainama, akanyoosha mkono kukichukua. Mkono ukasita hewani.

Palikuwa na joto. Mama Keki alikuwa ameishi na joto maisha yake yote. Alikuwa haangalii kipimo cha oveni. Alifungua mlango, akaingiza kiganja, na kiganja kikampa jibu. Sasa akakisogeza kile kiganja karibu na gurudumu, akatulia, akanusa. Kulikuwa na harufu kali, kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni. Akazunguka upande wa pili, akafanya vilevile. Kisha akaenda mbele, kulia na kushoto. Mumewe alimwona kutoka barazani akipapasa hewa kandokando ya gari, akauliza kama anasali.

Mama Keki alikuwa ameshapiga simu.

"Fundi, gurudumu la nyuma kushoto limeiva."

Kimya akauliza, "Limeiva vipi?"

"Lina joto la kuoka biskuti. La kulia halina hata joto la kuumusha unga."

"Usiliguse," alisema fundi. "Nakuja."

Alikuja na jeki, akainua gari nyuma. Gurudumu la kulia alilisukuma kwa kidole, likazunguka vizuri bila kinyongo. La kushoto alilisukuma kwa mkono mzima, likasogea kidogo, likagoma. Akafungua, akaingiza kichwa chini, akatoka na uso unaong'aa kwa furaha.

"Waya wa breki ya mkono umeshika kutu," alisema. "Ukiivuta inakamata. Ukiiachia, huku nyuma haiachii. Mama, miezi yote hii umeendesha gari huku mtu amelishika shati."

Mama Keki akapiga makofi. Fundi akampa mkono wenye grisi, naye akaupokea kwa mkono wenye unga, akicheka. Waya ukabadilishwa, breki ikasafishwa. Mzee wa posta, kwa upande wake, alikata kipande kinene cha keki, akakifunika kwa kitambaa na kwenda nacho kwa jirani.

"Nimekuja tuyamalize," alimwambia mlangoni.

"Tuyamalize nini?" jirani alishangaa.

"Si nilikununia."

"Ulininunia? Lini?" Jirani akafunua kitambaa, akanusa. "Basi uninunie tena, mzee mwenzangu."

Baada ya hapo mambo yalikuwa afadhali sana. Hata hivyo, fundi Kimya alipopiga hesabu za tangi lililojazwa upya, bado hakuridhika. Magari ya namna ile aliyajua. Yalikuwa na sifa ya kuishi kwa kunusa mafuta tu. Akalaza chini spana yake na kusema, "Kesho una keki?"

"Ya mahafali. Ghorofa mbili."

"Nitapanda na wewe."

Kesho yake alijikunja kwenye kiti cha mbele, magoti yakagusa dashibodi. Keki ilikaa nyuma juu ya meza ndogo ya mbao, imejitegemea kwa imani tupu. Mama Keki akavuta pumzi, akafungua kiyoyozi mpaka mwisho, akaweka gia ya kwanza, akaingia barabarani, akaweka ya pili. Kimya akasubiri ya tatu. Haikuja. Injini ililia kama mbu ndani ya chupa. Mguu mmoja ulikuwa kwenye mafuta, na kila baada ya hatua chache ulirukia breki, kwa shimo, kwa kivuli cha shimo, kwa kuku aliyekuwa bado anafikiria kuvuka. Baiskeli zikawapita. Kisha akawapita msukuma mkokoteni aliyebeba milango miwili ya mbao. Alimtambua Mama Keki, akamsalimu, akaulizia hali ya mjukuu, akajibiwa, akaaga, akatangulia.

"Mama," alisema Kimya.

"Sema, fundi."

"Tunakwenda wapi?"

"Ukumbini."

"Leo?"

Mama Keki alikaza macho barabarani asijichekee. Walipofika, akaegesha kivulini, akaachia usukani, lakini injini haikuzimwa. Ubaridi uliendelea kupuliza.

"Mbona huzimi?"

"Nikizima krimu itayeyuka. Nasubiri wapange meza."

"Huwa unasubiri sana?"

"Mpaka meza iwe tayari. Siku nyingine mpaka wenye shughuli wafike." Akawaza kidogo. "Siku nyingine na wao wanachelewa."

Hapo Kimya akacheka. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, na huenda naye hakujua anavyocheka, maana kilimtoka kicheko kikubwa kilichotikisa gari zima.

"Fundi, keki!" alipiga kelele Mama Keki, akageuka na kuishika kwa mikono miwili.

Kisha aibu ikamwingia, na nyuma ya aibu ikaja hasira kidogo. "Cheka tu," alisema. "Wewe chuma kikianguka unakiokota. Hii ikianguka, nitamwambia nini mama wa mtoto? Nikimbie, halafu nani atanirudishia keki?"

Kimya alifuta macho. Alimtazama yule mama, mikono yake bado imekumbatia keki, akaacha kucheka. "Sikwambii ukimbie," alisema taratibu. "Nakwambia keki ishikwe na kitu kingine. Isishikwe na gia ya pili."

Yalikuwa maneno mengi kwa mtu kama yeye, na Mama Keki aliyageuza kichwani siku nzima huku akipamba keki nyingine. Jioni alikuwa ameshatoa godoro kuukuu stoo na kuanza kulikata. Fundi alileta kipande cha mpira kisichoteleza, kile kinachotandikwa sakafuni karakana, na mbao za kutengenezea sanduku. Mama Keki alipima kina cha godoro kwa macho ya mtu aliyekata keki nyingi. Pembeni akaacha nafasi za chupa za maji yaliyogandishwa kwenye jokofu, ili ubaridi utoke humohumo badala ya kutoka kwenye injini. Walibishana kuhusu urefu wa sanduku, na Mama Keki alishinda. Walibishana kuhusu bawaba, na fundi alishinda.

Siku ya majaribio walipakia keki moja iliyokuwa imebonyea katikati wakati wa kuoka. Mzee wa posta alijitolea kukaa nyuma kama mwangalizi. Mama Keki akaendesha, kiyoyozi kimezimwa, dirisha wazi, Kimya pembeni akinyoosha kidole tu wakati wa kubadilisha gia. Ya pili. Ya tatu. Injini ikaacha kulia, ikaanza kuvuma kwa utulivu.

"Imetulia," alitangaza mumewe kutoka nyuma, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Bado imetulia. Kona hiyo... anaingia kona... imetulia! Tuta mbele! Mama watoto, tuta!"

"Nimeliona, jamani!"

Akapunguza mapema, akalipanda tuta taratibu, akalishuka. Nyuma hakukusikika neno.

"Vipi?" aliuliza Mama Keki.

"Imetulia," alisema mumewe, mdomo umejaa. "Lakini imepungua kidogo."

Kilomita zilizofuata Mama Keki aliziendesha akiimba. Kituo cha mafuta kikapita dirishani, dada wa pampu akainua mkono kumkaribisha, naye akampungia tu, akapitiliza.

Harusi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa na keki ya ghorofa nne, kubwa kuliko zote alizowahi kusafirisha kwa kigari kile. Aliipakia sehemu kwa sehemu kwenye masanduku ya namna ileile, akafunga chupa za barafu, akaondoka kama kawaida yake, mapema, akihesabia muda wa mwendo ule wa zamani. Alipofika, ukumbi ulikuwa bado umefungwa. Mlinzi ndiyo kwanza alikuwa anatafuta funguo. Akazima gari, akakaa, akasikiliza ndege, kitu ambacho hakuwahi kusikia mbele ya ukumbi wowote. Wapambaji walipokuja akawasaidia kunyoosha vitambaa vya viti, kisha akapandisha keki yake ghorofa kwa ghorofa juu ya meza. Aligusa krimu kwa ncha ya kidole. Ilikuwa baridi na imara.

Alirudi nyumbani jua bado liko juu. Mumewe alitoka mbio barazani, kandambili moja mguuni.

"Kuna nini? Imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Harusi imevunjika?"

"Haijavunjika, baba watoto. Nimemaliza." Akaegemea dirishani, akamtazama mzee wake aliyesimama juani amepigwa na butwaa. Jioni nzima ilikuwa yao, na hakukuwa na kitu chochote ndani ya gari cha kuangushwa. "Nenda kavae viatu vizuri," alimwambia. "Twende tukatembee."

"Wapi?"

"Popote."

Mzee wa posta akaivua ile kandambili moja. Akaingia ndani kutafuta viatu.